Sukari ya Radhi

Siku nne nilikunywa chai kwa sukari ya radhi, na siku hizo hizo nne nilipiga soga na maiti.

Ngoja niiseme vizuri, maana hapa Korogwe habari hii imezungushwa mpaka imeota mikia. Wapo wanaosema niliona mzuka. Wapo wanaosema nilijua nikanyamaza. Sikuona mzuka, na sikujua. Mie Mwanahamisi, ninayejua nani kanunua pazia jipya kabla pazia halijatundikwa, sikujua kwamba shoga yangu Tausi Shemboza amekufa, mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu.

Tulikuwa mafundi cherehani arobaini. Cherehani zenyewe ziko Muheza, kwenye ukumbi usio na mtu hata mmoja, na kila moja ina mikono yake miwili ya chuma iliyovikwa mpira kwenye ncha za vidole. Sisi tuko majumbani. Asubuhi unavaa glavu, unasema bismillahi, unakunja kidole chako Korogwe na cha Muheza kinakunjika. Kioo kidogo mezani kinakuonyesha kitambaa. Unashona sare za shule nzima na kanga yako kiunoni, ndala miguuni. Kampuni yetu, Sindano Mbali, waliiita kazi popote, na mwanzoni tuliipigia vigelegele, kwa sababu basi la alfajiri lilikuwa limetumaliza viuno.

Baadaye wakatuletea kaimu.

Kaimu ni fundi asiye na mwili. Siku tisini anakaa kimya anakutazama: unavyovuta uzi, unavyokaza kwenye kona ya mfuko, unavyosita kabla ya kukata. Siku ya tisini na moja, ukisimamisha vidole anaushika mshono wako anaendelea nao, na hata wewe mwenyewe huwezi kuonyesha alipoanzia. Ukivua glavu anakusaidia saa moja tu. Ukiwa umezivaa hana kikomo, kwa sababu kampuni inahesabu upo. Zamani glavu zilipima na joto la mkono, lakini wenzetu wa Lushoto wakalalamika: asubuhi mikono yao ni barafu, cherehani zinagoma. Kipimo cha joto kikaondolewa. Glavu ikabaki inauliza jambo moja tu: kuna mkono humu ndani?

Na kulikuwa na kijiwe. Kijiwe ni laini ya sauti iliyotuunganisha wote arobaini tukishona, na hapo ndipo nilipoishi mie. Nyumba tupu siiwezi. Nikisimulia nataka kusikia "ehee", nataka "makubwa!", nataka mtu acheke mpaka apaliwe. Sasa watu wakiwa wamewaachia makaimu, kijiwe kinapoa, unasimulia kama unahubiria makaburi. Nikaandika malalamiko. Mie, kwa mkono wangu. Kampuni wakasikia: makaimu wakafundishwa kuitikia kwa sauti za wenyewe. Tangu hapo kijiwe hakikupoa tena.

Jumatatu ile niligombana na Tausi. Kosa langu. Alikuwa amenipigia simu jana yake akilia, akaniambia kifua kinambana na anaogopa. Kesho yake nikaigeuza kuwa kichekesho kijiweni. Akanijibu mbele ya wote, akanyamaza. Jumanne kimya. Jumatano kimya. Kwetu mtu akinuna hivyo hutumi salamu. Unanunua sukari kilo moja, unakwenda kwake kwa miguu, unapiga hodi, na yeye anakuweka barazani ukae mpaka moyo wake ushuke. Jumatano jioni nikainunua sukari. Nikaiweka rafuni, nikasema kesho.

Alhamisi asubuhi, glavu mkononi, nikasikia sauti yake: "Haya jamani, leo mna habari gani?"

Nilifurahi mpaka nikachoma kidole cha mpira kule Muheza. Nikatupa kichekesho, akacheka. Nikajikaza: "Tausi, kuhusu yale ya juzi..." Akasema, "Yamekwisha, shoga."

Yamekwisha! Na mie nikaungue na jua la nini tena? Nikaifungua ile sukari, nikakoroga chai.

Jumatatu iliyofuata Mzee Kilua, anayepeleka maziwa mlango kwa mlango, akaona chupa za siku nne hazijarudishwa. Akapiga hodi, akapiga tena, akazunguka dirishani. Tausi alikuwa kitini, kichwa kimeegemea ukuta, glavu mikononi. Huko Muheza cherehani yake ilikuwa inamalizia kola ya kumi na saba ya siku hiyo. Daktari wa wilaya akaandika kwamba alikufa Alhamisi alfajiri.

*

Jumanne, siku ya pili ya matanga, nyumba ya Tausi ilijaa. Wanawake ukumbini, wanawake uani, mikeka mpaka njiani. Nilikuwa nakaa hapo nawaza: hivi ndivyo ninavyoipenda nyumba, na mwenyewe hayumo.

Bwana Eliamani, msimamizi wetu, akaja kutoa pole. Akavua viatu, akasoma uso wa kila mtu, kisha akaniita pembeni ya tangi la maji.

"Dada Mwana, pole sana. Najua mlivyokuwa."

"Tushapoa."

"Alhamisi ni Mizani. Bado wewe ndiye mshenga?"

Mizani ni mashine ya ofisi ya kazi. Wafanyakazi wakigawanyika, haipigishi kura. Kila upande unachagua mtu mmoja aandike aya fupi, maneno yasiyozidi sitini. Kisha mshenga, mtu anayeaminiwa na pande zote, anazisoma aya mbili na kutoa neno la pamoja, yaani lile ambalo limo kwenye zote mbili. Neno hilo linamfunga mwajiri miaka miwili. Upande usio na aya unahesabiwa umekubali ya mwenzake. Wenzangu waligawanyika karibu nusu kwa nusu: ishirini wanataka turudi ukumbini Muheza, kumi na tisa wanataka kubaki nyumbani. Upande wa ukumbi ulimchagua Bi Namsifu Mbwambo. Upande wa nyumbani ulimchagua Tausi. Na ushenga wakanipa mie, kwa kuwa mdomo wangu hauna upande.

"Aya ya ukumbi imefika," alisema Eliamani, akifungua kishikwambi chake. "Na ya nyumbani imefika. Jumamosi."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Jumamosi Tausi alikuwa ameshakufa."

"Ndiyo maana nimekuja." Akashusha sauti. "Kaimu hujibu barua za ofisi. Barua ya kuomba aya ilipokuja akaijibu. Kachukua yale aliyokuwa akiyasema Tausi mwaka mzima, kayashona. Ni maneno mazuri, dada. Mizani haiombi cheti cha kifo. Wewe toa neno la pamoja, basi. Ukitaja siku aliyokufa, aya inafutwa, na wenzako wa nyumbani wanaanza kupanda basi mwezi ujao. Mdogo wenu Chausiku atafanyaje na mama yake mgonjwa?"

Nikamwangalia. Alikuwa na huruma usoni, na haikuwa ya uongo, hilo nalisema. Lakini mie nimekaa sana na watu, najua mtu mwenye huruma na haraka kwa pamoja.

"Na kaimu wa Tausi yuko wapi sasa hivi?"

"Yupo kazini. Tumemwondolea kile kikomo cha saa moja."

"Mwenyewe yupo kaburini, yeye yupo kazini?"

"Hatuna fundi wa kola kama yeye, dada Mwana." Akavaa viatu, akaondoka.

Bi Namsifu alikuwa nyuma ya tangi akipepeta mchele. Sikumwona, na yeye hakujificha. Ni mwanamke wa miaka sitini kasoro moja, mjane, anasema pole pole kama anayepima kitambaa.

"Nimesikia," akasema. "Wakikubaliwa makaimu kusema safari hii, watasema kila safari. Mwakani tutakuwa na makaimu ishirini na aya zao, na sisi hatutaulizwa."

"Nikisema ukweli unashinda, Bi Namsifu."

"Nashinda kwa sababu mwenzangu kafa." Akarusha mchele, akaudaka. "Tulipokuwa ukumbini, mwanangu, nikichelewa ni Tausi aliyekuwa anauliza, yuko wapi Namsifu? Sasa niende nikamshinde?"

*

Alasiri nilirudi nyumbani nikavaa glavu. Sikuwa na kazi, tulikuwa tumepewa siku tatu. Nilitaka kusikia.

Kijiweni hapakuwa na mtu, ila cherehani moja ikikimbia: tatatatata, tua, tatatatata. Namna ya Tausi hiyo, kutua kabla ya kona.

"Tausi," nikaita.

"Ehee, niambie."

Sauti yenyewe, na kile kikohozi kidogo cha pembeni.

"Jana tumekuzika."

"Makubwa!" Akacheka.

"Tulikuzika alasiri. Mvua ilinyesha. Binti yako alichelewa basi, hakukuona uso."

"Wee! Halafu ikawaje?"

Nikashika meza. Nilitaka kuvua glavu, nikashindwa, kama mtu anayeogopa kukata simu. Nikamwuliza lile nililolijia.

"Tausi, umenisamehe?"

"Yamekwisha, shoga."

Basi hapo ndipo nilipojua hasa kwamba shoga yangu amekufa. Cheti sikukiamini hivyo, wala kaburi. Kwa sababu Tausi niliyemjua hakuwahi kusamehe kirahisi namna hiyo hata mara moja katika miaka ishirini na sita. Nilipopoteza sufuria lake la pilau aliniweka barazani kutoka adhuhuri mpaka alasiri, bila maji, anafagia kunizunguka. Mpaka alipoanza kutabasamu akageuza uso nisione. Yule angeniambia yamekwisha? Hewani? Kwa sauti laini? Na mie nilivyo mjinga, Alhamisi ile nilipoona kusamehewa kumekuwa rahisi, nilishukuru.

Nilikwenda rafuni. Pakiti ilikuwa imefika nusu.

*

Jumatano akaja Chausiku. Ndiye mdogo wetu, ana miaka ishirini na minane, mwembamba, anaongea huku anatazama mlango.

"Shikamoo, dada Mwana. Sikai. Mama nimemwacha na jirani."

"Marahaba. Kaa hata kidogo."

Hakukaa. "Bwana Eliamani kaniambia. Dada, nakuomba usitaje siku."

"Chausiku, aya ile haikuandikwa na Tausi."

"Lakini si ni maneno aliyokuwa anayasema? Alikuwa anatutetea. Angekuwa hai angeandika hayo hayo." "Kuna kitu sijawahi kukwambia, na najua mdomo wako, lakini nakwambia. Mama hawezi kugeuka mwenyewe. Namgeuza kila baada ya saa mbili, namlisha, namwosha. Nikivua glavu saa moja haitoshi. Kwa hiyo namvalisha yeye."

"Unamvalisha nani?"

"Mama. Namvalisha glavu zangu mikononi, kaimu anashona. Anazipenda. Anasema anahisi kama na yeye yupo kazini." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nikipelekwa Muheza, jioni nitamkuta yuko vile vile nilivyomwacha asubuhi. Unaelewa, dada? Vile vile."

Nilielewa. Nilitaka kumwambia usijali, maana hilo ndilo neno langu kwa kila mtu. Badala yake nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Alipoondoka nikazisoma zile aya mbili, nikiwa nimekaa kizingitini ili nione watu wakipita.

Ya Bi Namsifu: *Mimi Namsifu Mbwambo nataka turudi ukumbini. Kazi naiweza popote, hilo sikatai. Lakini nyumbani kwangu kinachonguruma ni jokofu peke yake. Siku nikianguka nataka niangukie mbele ya mtu. Ukumbini mtu akiwa kimya tulikuwa tunainuka kwenda kumwangalia. Hakuna aliyetulipa kwa hilo. Turudishieni.*

Ya pili, iliyoandikwa na kaimu: *Sisi wa nyumbani tunataka tubaki nyumbani. Chausiku ana mama kitandani, mimi nina magoti mabovu. Mikono yetu inafika Muheza bila sisi kuteseka na basi. Saa ziwe zetu, kazi iwe yenu. Ila msitufanye masanduku. Mwenzio akinyamaza, hatumiwi maneno, anaendewa kwa miguu.*

Nikaisoma hiyo ya mwisho mara ya pili. Nikaiweka karatasi chini.

Sentensi ile haikuwa ya kaimu. Nilikuwepo iliposemwa. Niliambiwa mie.

*

Ofisi ya kazi ni chumba chenye viti vya plastiki, na Mizani ni kabati la kijivu lenye tundu la sauti na kioo. Alhamisi saa tatu tulikuwa humo wote wa Korogwe, kumi na watano hivi, wengine wakisikiliza kwa laini. Eliamani mstari wa mbele. Chausiku karibu na mlango.

"Aya mbili zimepokelewa," Mizani ikasema. Haina sauti ya kike wala ya kiume. "Mshenga, toa neno la pamoja."

Nikasimama.

"Kabla ya neno, nina ushahidi. Mwenye aya ya pili, Tausi Shemboza, alikufa Alhamisi iliyopita alfajiri. Aya imeletwa Jumamosi. Kaiandika kaimu."

Chumba kikavuma. Nilimsikia Chausiku akisema "Dada!" kama mtu aliyechomwa.

Kioo cha Mizani kikawaka. "Cheti kimeonekana. Aya isiyo na mwenyewe hai haihesabiki. Upande wa nyumbani hauna aya."

"Ngoja. Ipo kanuni: neno alilolisema mwenyewe akiwa hai ni lake, popote litakapokutwa. Sentensi ya mwisho ni yake. Aliisema Jumatatu, siku tatu kabla hajafa, kijiweni."

"Rekodi za kijiwe ni siri ya waliozungumza. Mmoja ni marehemu. Mwingine ni nani?"

"Ni mie."

"Unaidhinisha ifunguliwe?"

"Naweza kuidhinisha sentensi hiyo peke yake?"

"Ushahidi haukatwi. Itasikika yote."

Nikawaangalia wale watu. Ndugu zangu wa soga, walionisikiliza miaka yote. Wengi walikuwepo siku ile, lakini kuwepo na kicheko mdomoni si sawa na kusikia tena baada ya mazishi. Na binti ya Tausi alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka ukutani, na mtandio wake mweusi. Yeye hakuwahi kusikia.

"Naidhinisha," nikasema.

Ikaanza sauti yangu, imechangamka kama redio: "Jamani, mnajua Tausi anataka kutuaga? Kanipigia jana analia! Ati kifua kinambana, kama kavaa sidiria ya mdogo wake! Anasema, Mwana, nikifa usiwaambie watu nilikuwa naogopa. Sasa mie na siri wapi na wapi!" Kicheko cha watu arobaini, watu na makaimu wao, usijue nani ni nani. Kikaendelea, kikaendelea. Kisha Tausi.

"Mwanahamisi."

Kicheko kikafa.

"Nilikwambia wewe peke yako. Nilikwambia nimeogopa, ukanifanya karanga za kutafuna."

"Aa, shoga, utani tu. Nisamehe basi."

"Hapa? Hewani? Mbele ya kadamnasi uliyoniaibishia? Hapana, Mwana. Mwenzio akinyamaza, hatumiwi maneno, anaendewa kwa miguu. Ukitaka radhi yangu, nyumba yangu unaijua."

Ikakatika.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake mwenyewe tangu siku ile. Ilikuwa na hasira, ilikuwa na pumzi fupi ya mtu anayeumwa, na nilitamani isiishe. Mtu yeyote mwenye masikio angeisikia ile pumzi. Tulikuwa arobaini.

Binti yake hakuniangalia. Alikuwa ameinama anakunja ncha ya mtandio, anaikunjua, anaikunja.

"Sentensi moja imethibitika," ikasema Mizani. "Upande wa nyumbani una aya ya sentensi moja. Mshenga, neno la pamoja."

"Bi Namsifu kasema mtu akiwa kimya walikuwa wanainuka kwenda kumwangalia. Tausi kasema mwenzio akinyamaza, anaendewa kwa miguu." "Neno la pamoja ni hilo. Anayenyamaza aendewe."

"Limekubaliwa. Mengine hayakufanana, yabaki yalivyo hadi baraza lijalo baada ya miezi sita. Utekelezaji, mshenga?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na niliuona. Ukitaka kujua nani amenyamaza, lazima kwanza ujue ni nani anayesema. Nikasema makaimu waache kuitikia kijiweni. Nikasema kidole cha mwenyewe kisipocheza nusu saa, glavu iwe imevaliwa au haikuvaliwa, cherehani isimame, na jina la mwenzake wa karibu liitwe, aende akapige hodi. Isiamke mpaka zisikike sauti mbili mlangoni, ya anayepiga hodi na ya mwenye nyumba. Na kaimu wa aliyekufa azimwe siku anapozikwa mwenyewe.

Nilikuwa nasema huku sitazami mlangoni. Mama yake Chausiku hachezeshi vidole.

Eliamani alifunga kishikwambi chake. Muheza, saa nne kasoro, cherehani moja ikatua kabla ya kona, na haikuendelea.

Nje, Chausiku alinisubiri kwenye ngazi.

"Umemtafutia Tausi haki yake," akasema. "Mie umenivua glavu."

"Chausiku, mdogo wangu, nisikilize..."

"Usiniite hivyo. Ungekwenda kwake Jumatano ile, dada Mwana, leo tusingekuwa hapa. Ulishindwa dakika kumi na mbili. Sasa mama yangu analipa."

Akashuka. Wote walisikia, na nilijua mpaka adhuhuri itakuwa imefika Mombo. Kwa mara ya kwanza maishani sikujali habari imefika wapi.

Bi Namsifu akanishika kiwiko. "Kasema kweli," akaniambia. Hakuongeza la kunipoza, na nilimshukuru.

*

Ijumaa cherehani ya Chausiku ilisimama mara sita. Kijiwe kilikuwa kimepoa. Unasikia sindano, unasikia mtu akisafisha koo, unasikia kweli nani yupo na nani hayupo. Nilisimulia kitu, sikumbuki nini, wakacheka watatu. Nikawahesabu. Watatu, wa kweli.

Jumamosi nikaenda kwanza makaburini, nikakaa, nikasema niliyokuwa nayo. Hakunijibu. Ndivyo angefanya.

Kisha nikanunua sukari kilo moja. Ile nusu iliyobaki nilishampa binti ya Tausi na kumweleza ni ya nini. Aliipokea, akafunga mlango, na anayo haki. Nikaweka pakiti mpya kwenye kikapu, na juu yake nikaweka glavu zangu na kile kioo kidogo, vimefungwa ndani ya kanga. Kazi ni popote, si ndivyo? Mikono yangu inaweza kufika Muheza kutoka chumba chochote, hata chumba chenye kitanda cha mgonjwa, na mtu mmoja akishona mwingine anaweza kumgeuza mama. Hilo hakuna aya iliyolisema. Nililifikiria njiani.

Ni nusu saa kwa miguu, ng'ambo ya daraja. Jua lilikuwa kali. Watu walinisalimia, nikaitika nikapita, na anayenijua atakwambia hilo halijawahi kutokea.

"Hodi."

Kimya. Ndani nilisikia kikohozi cha mama yake, na nyayo zikisimama.

"Hodi hapa, Chausiku. Ni mie, Mwanahamisi."

Kimya.

Nikaketi barazani, kikapu magotini. Kivuli cha ukuta kilikuwa kinanifika mabegani, kikashuka mpaka kifuani, kikaniacha. Jasho likanitoka. Kuku akaja akanidonoa kidole cha mguu, akaenda zake. Saa ngapi zilipita sijui. Nilimsikia akimgeuza mama yake, kitanda kikalia. Nilimsikia akisuuza vyombo kwa kuvigonganisha, kwa makusudi, kila sahani.

Nikasogea, nikasimama, nikapiga hodi ya tatu.

"Kaa hapo hapo!" Sauti yake ilitoka dirishani, kali, imejaa pumzi. "Sijamaliza kununa!"

Nikakaa. Machozi yakanidondokea kwenye pakiti ya sukari, na sikuyafuta. Nikaendelea kumsikiliza mtu aliye hai akinikasirikia, na kivuli cha ukuta kikihamia upande wa pili.